Waridi la Jangwani: Pambo la Baraza Linalohitaji Mama Mwangalifu



Nyumba haihitaji vitu vya gharama ili ipendeze. Baraza lililofagiwa vizuri, na chungu kimoja cha maua karibu na mlango, humkaribisha mgeni kabla mwenyeji hajatoka kusema karibu. Siku hizi katika miji yetu upo mmea mmoja unaopendwa sana kwa kazi hiyo. Shina lake ni nene chini na jembamba juu, kama mbuyu mdogo. Majani yake hung'aa, na maua yake ni ya rangi ya waridi, mekundu au meupe. Wauza maua wa kando ya barabara huuita waridi la jangwani. Wengine huuita adeniamu.

Wengi wetu huununua kwa kuvutiwa na sura yake tu. Tunarudi nao nyumbani bila kuambiwa mambo mawili ambayo kila mama anapaswa kuyajua. La kwanza, maji mengi huuua mmea huu. La pili, utomvu wake ni sumu, na nyumba nyingi zinazouweka barazani zina watoto wanaotambaa. Tuzungumze basi juu ya kuulea mti huu mdogo, na juu ya kuwalinda wadogo wetu.

MMEA WA KWETU

Wengine hudhani kwamba mmea huu umeletwa kutoka Asia, kwa sababu miche mingi yenye rangi za ajabu hutoka Thailand na Taiwan, ambako wakulima wamezalisha aina nyingi kwa biashara. Lakini asili yake ni Afrika na Arabuni. Huota wenyewe katika nchi kavu kuanzia Senegal, kupitia ukanda wa Saheli, hadi Somalia, Kenya na Tanzania, na ng'ambo ya bahari katika Yemen na Oman. Aliyesafiri wakati wa kiangazi katika nyika za Tsavo au Mkomazi huenda ameuona: vichaka vyote vimekauka, nao umesimama juu ya mawe bila jani hata moja, umejaa maua.

Jina lake la kitaalamu ni Adenium obesum. Adenium linahusiana na jina la Aden, mji wa bandari wa Yemen, na obesum maana yake ni nene. Mtaalamu wa mimea aliyeuandika kwanza ni Peter Forsskål kutoka Sweden, ambaye alifariki kwa malaria huko Yemen mwaka 1763. Kitabu chenye maelezo ya mimea aliyoikusanya kilichapishwa mwaka 1775, baada ya kifo chake.

Ingawa tunauita waridi, mmea huu hauna undugu na waridi la kweli. Jamaa yake wa karibu ni oleanda, ule mti wa maua ya waridi au meupe unaopandwa sana pembeni mwa barabara na katika nyua za ofisi. Undugu huo tuukumbuke, kwa maana wote wawili wana sumu ya aina moja.

SOMA HAYA KABLA YA KUNUNUA

Wahadzabe wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania wamekuwa wakichemsha utomvu wa adeniamu mpaka uwe mzito, kisha kuupaka kwenye mishale ya kuwindia. Makabila mengine ya Afrika yamefanya vivyo hivyo. Mmea unaomwangusha mnyama mkubwa porini haufai kuwa karibu na mkono wa mtoto.

Sumu hiyo hushambulia moyo. Iko katika kundi moja na digoksini, dawa ambayo sisi wauguzi huwapa baadhi ya wagonjwa wa moyo. Mwaka 1785 daktari Mwingereza, William Withering, alichapisha kitabu kuhusu mmea wa Ulaya uitwao digitali, akieleza jinsi unavyosaidia wagonjwa waliovimba mwili, na jinsi unavyodhuru ukizidishwa. Hata leo, kabla ya kumpa mgonjwa digoksini, muuguzi humhesabia kwanza mapigo ya moyo. Yakiwa ya polepole mno, dawa husimamishwa na daktari huitwa. Ikiwa dawa iliyopimwa kiwandani inatakiwa kuangaliwa namna hiyo, yatupasa kuogopa majani na mizizi ambayo hakuna ajuaye kiasi cha sumu iliyomo. Kwa hiyo usichemshe mmea huu kuwa dawa ya kunywa wala ya kidonda, hata ukisikia kwamba ulimponya mtu fulani.

Sehemu zote zina sumu: mizizi, shina, majani, maua na mbegu. Mtu aliyeula huanza kwa kichefuchefu, kutapika, kuumwa tumbo na kuharisha. Baadaye huweza kulegea, kuona kizunguzungu, na moyo kupiga polepole au bila mpangilio. Hatari kubwa iko hapo kwenye moyo, na huenda isionekane kwa saa kadhaa.

Weka chungu chako mahali ambapo mtoto mdogo hafiki: juu ya ukuta wa baraza, kwenye rafu imara, au nyuma ya uzio mdogo. Usikiweke juu ya kistuli anachoweza kukivuta. Okota kila siku maua na majani yaliyodondoka, kwa sababu mtoto anayetambaa huokota kwanza kilicho chini. Mbuzi na mbwa nao wasiachwe karibu. Wale wakubwa kidogo wafundishe sheria moja rahisi: kisichotoka jikoni kwa mama hakiingii mdomoni. Sheria hiyo itawakinga na oleanda ya shuleni pia, na mimea mingine mingi.

Na ikiwa mtoto wako yuko katika umri wa kutia kila kitu mdomoni, nawe huna mahali pa juu pa kuuweka, subiri mwaka mmoja au miwili. Maua yatakuwepo.

MTOTO AKITAFUNA, UFANYE NINI?

Katika kazi ya uuguzi nimeona mara nyingi mtoto aliyemeza sumu akifika akiwa ameloa maziwa kifuani. Majirani wamekusanyika, kila mmoja na ushauri wake; huyu ameleta maziwa, yule mafuta ya kula, mwingine yai bichi. Wote wana nia njema, lakini maziwa hayaiondoi sumu hii. Mtoto anayelazimishwa kunywa huweza kutapika na kupaliwa, matapishi yakaingia kwenye mapafu, na hapo tunakuwa na magonjwa mawili badala ya moja.

Fanya hivi:

1. Mtoe mabaki mdomoni kwa kitambaa safi au kidole, kisha msuuze mdomo kwa maji.

2. Usimtapishe. Usimtie kidole kooni wala kumnywesha maji ya chumvi.

3. Usimpe maziwa, mafuta, yai wala mkaa uliosagwa nyumbani.

4. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama anacheza na kucheka. Usingoje dalili.

5. Chukua kipande cha mmea alichokitafuna, kifunge kwenye mfuko, uende nacho. Mweleze muuguzi saa aliyokula na kiasi unachokadiria.

Jambo hilo la tano husahaulika mno. Mama mmoja alituletea mtoto wa miaka miwili akiwa ameshika tawi lenyewe mkononi. Hatukupoteza muda kuulizana ni majani gani. Mtoto alilazwa, mapigo ya moyo yakaangaliwa usiku kucha, na kesho yake alirudi nyumbani. Mama yule hakuwa na elimu ya mimea. Alichokuwa nacho ni utulivu wa kuchukua tawi kabla ya kukimbia.

Utomvu ukiingia machoni, suuza jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda kituo cha afya.

MTI MKUBWA KATIKA CHUNGU KIDOGO

Baada ya kuyajua hayo, sasa tuje kwenye furaha ya kazi yenyewe.

Huenda umesikia neno bonsai. Ni neno la Kijapani. Bon ni chombo cha kupandia, na sai ni kupanda. Wachina ndio walioanza kulea miti midogo katika vyombo, na Wajapani wakaiendeleza kazi hiyo mpaka ikawa sanaa kubwa. Mti wa bonsai si wa aina ya pekee iliyozaliwa mibilikimo. Ni mti wa kawaida unaozuiwa kwa chungu kidogo, kwa kupogolewa matawi na kupunguzwa mizizi, mpaka uonekane mzee na mkubwa ingali unabebeka kwa mikono.

Mmoja wa miti wanayoipenda Wajapani kwa kazi hiyo huitwa boke. Ni wa jamii ya waridi, na uzuri wake ni kuchanua kwenye matawi matupu, majani yakiwa hayajatoka, mwishoni mwa majira ya baridi. Lakini boke huhitaji miezi ya baridi kali ndipo uchanue vizuri, nasi wa Dar es Salaam, Mombasa au Dodoma hatuna baridi hiyo. Waridi la jangwani hutupa uzuri wa namna ile ile, maua juu ya matawi matupu, kwa kungoja kiangazi badala ya baridi. Tena shina lake nene huufanya mti wa miaka michache tu uonekane kama umeishi karne nzima.

KUANZA NA MBEGU

Unaweza kupanda kipande cha tawi, na kitaota. Kikate kiwe na urefu wa sentimita 10 hadi 15, ukiache kivulini siku kadhaa mpaka jeraha likauke, ndipo ukichomeke kwenye mchanga. Lakini mmea wa kipande mara chache hupata shina nene la chini. Anayetaka umbo la mbuyu aanze na mbegu.

Mbegu hukaa ndani ya maganda marefu mawili yanayotoka pamoja kama pembe za ng'ombe. Ganda likikauka hupasuka, na mbegu zenye manyoya kwenye ncha zote mbili hupeperushwa na upepo. Kwa hiyo lifunge ganda kwa uzi kabla halijapasuka. Likishakauka, lifungue mezani utulivu, nawe utapata makumi ya mbegu.

Mbegu mpya ndiyo huota vizuri. Ziloweke saa chache, zilaze juu ya mchanga wenye unyevu, uzifunike kidogo tu. Mahali pa joto zitachipua katika muda wa kama wiki moja. Miche ikiwa na majani sita hivi, ihamishe kila mmoja kwenye kopo lake. Ikipata jua la kutosha, huweza kutoa maua ya kwanza katika mwaka mmoja hadi miwili.

UDONGO, JUA NA MAJI

Changanya makopo mawili ya mchanga mnene wa mto au kokoto ndogo, kopo moja la udongo wa bustani, na kopo moja la mboji au samadi iliyooza vizuri. Usitumie mchanga wa pwani, kwa sababu una chumvi. Chungu kiwe na matundu chini, na kisikae ndani ya kisahani chenye maji.

Mmea unahitaji jua la saa 6 au zaidi kwa siku. Sebuleni utanyong'onyea na kukosa maua. Hali kadhalika hauipendi baridi ya chini ya nyuzi 10. Ndugu zetu wa Njombe au Limuru wauweke karibu na ukuta unaopigwa na jua, na nyakati za baridi wauingize ndani usiku.

Juu ya maji, ninyi mnaopenda kumwagilia kila jioni mtahitaji kujizuia. Mmea huu huhifadhi maji katika shina lake ili uvuke kiangazi. Ukimwagilia udongo ambao bado una unyevu, mizizi huoza. Tumia njia hii: chomeka kijiti kikavu kwenye udongo, kina cha vidole viwili, ukingoje kidogo. Kikitoka na unyevu, acha. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatokee chini, kisha acha tena. Wakati wa masika uusogeze chini ya paa. Ukiwa umepukutisha majani, maji kidogo sana yanatosha.

Mara kwa mara bonyeza shina kwa kidole. Likiwa gumu, mambo ni mema. Likinywea kidogo na udongo ni mkavu, una kiu. Likiwa laini kama kiazi kilichooza, uzima wake uko hatarini. Ung'oe siku hiyo hiyo, kata sehemu yote iliyooza mpaka ufikie nyama safi, uuache mkavu kivulini wiki moja au mbili, kisha uupande upya katika udongo mkavu.

Samadi usizidishe, kwani mbolea nyingi huleta majani mengi na maua machache. Vidung'ata na vidukari wakijitokeza, wapanguse kwa pamba yenye spiriti, au uoshe mmea kwa maji ya sabuni.

KUUPA UMBO

Kila baada ya mwaka mmoja au miwili, mwanzoni mwa kipindi chake cha kukua, utoe mmea kwenye chungu. Ondoa mizizi myembamba ya chini, na uache ile minene inayotanda pembeni. Uweke kivulini siku kadhaa ili majeraha yakauke, kisha uupande juu kidogo kuliko ulivyokuwa, sentimita 2 au 3 hivi, ili mabega ya mizizi yaonekane. Ngoja kama wiki moja kabla ya kumwagilia. Ukifanya hivyo kila mara, mizizi itainuka na kukumbatia udongo kama ya mti wa kale. Chagua chungu kipana chenye kina kifupi.

Matawi nayo yapogolewe. Tawi moja likikatwa, mara nyingi hutoa mawili au matatu, na kwa kuwa maua hutoka kwenye ncha za matawi, kupogoa leo ni kuongeza maua ya baadaye. Ondoa tawi linaloelekea ndani na lile linalovuka mwenzake. Ukitaka kulipindisha tawi, livute taratibu kwa uzi uliofungwa kwenye chungu. Waya hulikwaruza upesi, kwa sababu matawi yake ni laini.

Vaa glovu kazi hiyo yote. Safisha kisu kwa spiriti kabla na baada, na kisiwe kile cha jikoni. Usijiguse macho. Ukimaliza nawa kwa sabuni, na vipande vyote uvifukie mahali ambapo watoto na mifugo hawatavifikia.

KWA VIKUNDI VYA AKINA MAMA

Vikundi vingi vya akina mama makanisani hutafuta kazi ya mikono isiyodai mtaji mkubwa. Kulea miche hii ni mojawapo: mbegu za ganda moja, makopo yaliyotumika, mchanga wa mto, na uvumilivu wa mwaka mmoja au miwili. Lakini msinunue miti mikubwa iliyong'olewa porini. Mti wa nyikani umechukua miaka mingi kukua, na kuung'oa ndani ya hifadhi ya taifa ni kosa la jinai. Mbegu zinatosha.

Tena, mnapouza, semeni ukweli. Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, tunasoma habari ya mtu mmoja aliyekwenda shambani wakati wa njaa, akachuma matango mwitu asiyoyajua, akayakatia ndani ya sufuria ya manabii. Mtu yule hakuwa na ubaya moyoni. Alitaka kuwalisha wenzake. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mapema ule ni mmea gani, na walijua kuna kifo chunguni walipokwisha kuonja.

Sisi tumekwisha kuambiwa. Kwa hiyo kila mche unaotoka mikononi mwetu, wa kuuza au wa zawadi ya arusi, utoke na maneno yake: jua tele, maji kwa kipimo, glovu wakati wa kukata, na juu kabisa, mbali na mtoto. Yaandikeni kwenye kipande cha karatasi na kukifunga kwenye chungu. Mwenye nyumba atafurahia maua, na mwanawe atakua salama kando yake.

Mungu awabariki katika kuzitunza nyumba zenu.